Siku ya Tatu Mpe Jembe: Hotuba kwa Waandishi wa Mapenzi na Viumbe wa Sayari Nyingine

Hotuba hii ilitolewa mbele ya waandishi wa riwaya pendwa waliokusanyika Kigoma mjini. Tunaiweka nzima kwa ajili ya waliokosa. Picha zilizooneshwa ukutani hazimo.

Wazee wetu, shikamooni. Waandishi wenzangu, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Na ninyi mliosimama mlangoni, piteni mbele, mikeka ipo.

Mada ya leo imewachekesha baadhi yenu tangu asubuhi. Binti wa watu anampenda kiumbe wa sayari nyingine. Mwenye magamba. Mwenye mikono minne. Au asiye na mikono kabisa. Nimesikia mtu pale nyuma anasema, hayo ni ya Wazungu. Ya Wazungu? Nani humu ndani hakusimuliwa habari za jini mahaba? Nani hakusikia ngano ya binti aliyekataa wachumba wote kijijini, huyu mfupi, huyu ana kovu, huyu anakoroma, mpaka akaja mgeni mzuri kupita wote, akaolewa naye, akafuatana naye, na njiani upepo ukapeperusha kilemba cha mume akaona kisogoni kuna mdomo wa pili? Jamani, sisi tumewaoza mabinti zetu kwa wasio binadamu tangu kabla ya karatasi.

Ila katika ngano ile ugeni wa mume ni mtego. Mdomo wa kisogoni ukionekana, hadithi inageuka kuwa ya kukimbia. Katika riwaya ya mapenzi, mdomo wa kisogoni ukionekana ndipo hadithi inaanza. Binti anauona, anaogopa, anabaki kwa hiari yake, na kadiri kurasa zinavyokwenda anajifunza mdomo upi unasema kweli na upi unasema ya adabu tu. Na mwisho uwe wa heri. Hilo ni sharti la riwaya za namna hii popote zinapoandikwa: mapenzi ndiyo kiini, na msomaji anafunga kitabu akiwa na matumaini. Ukimwua bwana harusi sura ya mwisho umeandika tanzia. Tanzia ni kazi ya heshima, lakini usiiuze kwa jina la mapenzi. Aliyelipia atakudai.

Sasa tuanze na kosa kubwa, ambalo ndilo linaloua miswada mingi. Chukua mfano huu. Bwana ametoka sayari ya barafu. Ngozi ya buluu, pembe mbili, mkia wa mita moja. Ukurasa wa tano anatisha kweli. Ukurasa wa ishirini amekaa kwenye kochi la mama mkwe, anakunywa chai ya tangawizi, anakunja nne. Ukurasa wa arobaini ana wivu kwa sababu binti amepigiwa simu usiku. Ukurasa wa sitini anamletea maua. Nawauliza: mkia umekwenda wapi? Mtu mwenye mkia wa mita moja hakai kwenye kochi. Anakaa upande, au anatoboa kiti, au anasimama mpaka mwenyeji aone haya. Mkia umekwenda wapi? Mwandishi ameusahau, kwa sababu haukuwa mkia. Ulikuwa pambo.

Mwogesheni bwana wenu. Mmiminieni ndoo mbili za maji. Rangi ya buluu ikitoka na pembe zikadondoka, hadithi imebadilika? Kama haijabadilika, mmeandika kijana wa Mwanga, mtaa wetu wa hapa Kigoma, aliyepakwa rangi. Kijana wa Mwanga hana ubaya, mwandikeni kwa jina lake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hiyo ndiyo kanuni yangu ya leo, na ninaichukua kama ilivyo. Ugeni wa mpenzi wenu mnaweza kuukaribisha kwa sehemu mbili za kwanza: msomaji ashangae, acheke, aogope. Sehemu ya tatu, upeni jembe. Ulime. Uzuie kitu ambacho mapenzi yanakihitaji. Hawezi kuishi penye joto la binti. Hawezi kusikia sauti ya binti. Hafahamu neno kesho. Ugeni usioyagharimu mapenzi chochote haujafika siku ya tatu.

Huo ugeni tutautoa wapi? Wengi huanza kuchora: macho sita, mabawa, damu ya kijani, anasoma mawazo, anang'aa gizani. Maajabu kumi, na hakuna hata moja lenye kazi. Mimi nasema shukeni mwaloni. Mbele yetu lipo Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya ziwa Baikal la Urusi, na ndani yake mna samaki wa jamii ya sato zaidi ya aina 200, karibu wote hawapatikani popote pengine. Mnatafuta wageni mbinguni, na wageni wako chini ya boti ya dagaa.

Yupo mmoja ambaye wataalamu humwita Lamprologus callipterus. Dume lake ni kubwa kuliko jike kupita kiasi, uzito unaweza kufika mara kumi na mbili. Huyu dume anaposa kwa nyumba. Anaokota makombe matupu ya konokono wa ziwani, moja moja, kwa mdomo, anayakusanya kwenye eneo lake mpaka inakuwa lundo. Majike wanakuja, kila mmoja anaingia ndani ya kombe lake, anataga humo na kuwalinda watoto kwa kama siku 10 hadi 14. Dume haingii. Hawezi kuingia, mwili hautoshi. Anabaki nje analinda. Na madume huibiana makombe, wakati mwingine mke akiwa bado ndani.

Mmesikia? Bwana anayejenga nyumba asizoweza kuingia. Hapo pana riwaya nzima, wala hamjamwongezea jicho la tatu.

Tuijaribu. Kiumbe wetu ametoka kwa watu ambao mwanamme hujenga na haingii. Anampenda mchuuzi wa dagaa wa Katonga. Anamjengea nyumba kwa mawe ya ufukweni, nyumba nzuri kuliko zote mtaani. Binti anaingia, anafurahi, anageuka kumkaribisha. Bwana amesimama nje. Usiku wa kwanza yuko nje. Wa pili yuko nje, mvua inanyesha. Binti anaona amedharauliwa. Kwetu mume anayelala nje ana neno. Bwana naye, kila binti anapomvuta mkono, anaona anaombwa jambo chafu lisilotajika, sawa na mtu kukwambia upande juu ya kaburi. Hakuna adui. Hakuna mama mkwe mchawi. Hakuna tajiri anayempigia binti honi barabarani. Mgogoro umetoka kwenye mwili wa bwana na mila iliyozaliwa na mwili huo. Hapo jembe linalima.

Namna ya kufanya ni hii. Chagua badiliko moja la mwili. Moja. Kisha liulize maswali manne: linamnyima nini, linamtisha kwa nini, limezaa mila gani kwao, na litamgharimu nini binti akilikubali. Swali la nne ndilo watu hulikimbia. Wanataka bwana abadilike peke yake, mpaka mwisho wa kitabu amekuwa mtu kama sisi, analala kitandani, anavaa msuli. Au mbaya zaidi, anageuka binadamu kabisa sura ya mwisho, magamba yanapukutika, anatokea kijana mweupe wa meno. Msomaji alimpenda mwenye magamba! Sura thelathini amejifunza kumpenda mwenye magamba, halafu unamnyang'anya na kumpa mtu asiyemjua. Katika hadithi yetu ya Katonga suluhisho linaweza kuwa dirisha. Dirisha pana, usawa wa mto wa kulalia, yeye ndani, bwana nje, mikono imekutana kizingitini. Kila mmoja ametoa kitu, na hakuna aliyeacha kuwa alivyo.

Muda nao ni mwili, msiusahau. Sayari iitwayo Proxima Centauri b ilitangazwa mwaka 2016. Inaizunguka nyota iliyo jirani zaidi na Jua letu, na mwaka wake ni siku 11.2 tu. Fanyeni hesabu. Bwana mwenye umri wa miaka 28 yetu, kwao ametimiza miaka zaidi ya 900. Akimwambia binti, "nitakurudia mwakani," binti analia bure; ni wiki moja na nusu. Inawezekana pia sayari hiyo huielekezea nyota yake upande uleule daima, maana yake hakuna kuchwa wala kucha. Mtu wa huko atalielewaje neno kesho? Atalielewaje "nilikuota jana"? Na ujumbe wa kutoka hapa mpaka kule husafiri zaidi ya miaka minne kwa mwendo wa mwanga, jibu lirudi baada ya miaka minane na nusu hivi. Nimeona mswada ambao wapenzi wanapigiana simu kutoka nyota hadi nyota kama Kigoma na Kasulu. Kama una mtambo wa kuruka umbali huo, utaje mapema na uutoze gharama. Kama huna, barua moja ya miaka minne ni silaha kali kuliko simu mia.

Sasa nafika mahali ninapopapenda kuliko pote, na hapa tunawazidi waandishi wa lugha nyingi. Ngeli.

Mnaijua methali ya zimwi likujualo. Halikuli likakwisha. Mmeisikia hiyo li? Zimwi li-. Si zimwi anayekujua. Lugha yetu inaamua kwa herufi mbili kama uliye naye ni mtu au ni dude. Mwandishi wa Kiingereza akitaka kuonesha kwamba binti ameanza kumwona yule kiumbe kama mtu, ana hatua moja tu, kutoka it hadi he. Ninyi mna kiambishi chenye ngazi tatu.

Sikilizeni. Sehemu ya kwanza, binti anasimulia: "Lile jitu lilisimama kwenye maji, macho yake yakiniangalia." Jitu, li-. Sehemu ya sita: "Kile kiumbe kilinifuata mpaka kwenye vichanja vya dagaa, kikakaa mbali." Ki-. Limepungua, limekuwa kitu cha kuvumilika. Halafu sehemu ya kumi au ya kumi na moja, bila tangazo, bila tarumbeta, katikati ya sentensi ya kawaida: "Kilinyoosha mkono, akanishika." Basi. Usieleze. Msiandike "na hapo nikatambua kuwa alikuwa mtu." Mkieleza mmeharibu. Msomaji wa Kiswahili ataisikia a- hiyo mwilini kabla ya kuijua kichwani. Ila ili ifanye kazi ni lazima muwe mmelinda ngeli tangu mwanzo, neno kwa neno, lile na kile na yule. Mkichanganya ovyo sehemu ya pili, msomaji atadhani ni makosa ya uchapaji, na ile ya kumi na moja itapita kama kosa jingine. Mswada ukishakamilika, usomeni mara moja kwa ajili ya kiambishi tu. Hata mnapotumia neno "kiumbe", ambalo kwa kawaida hukubali a-, kuchagua ki- kuwe ni uamuzi wenu, na kudumu.

Na upande wake? Bwana anapojifunza Kiswahili, makosa yake yaseme kitu. Msimpe makosa ya kuchekesha ya mgeni wa kawaida, "mimi taka wewe". Mpeni kosa moja lenye maana. Anasema, "Ziwa amelala." Binti anamsahihisha: limelala. Kesho anarudia: amelala. Hakosei. Kwao maji ni mtu. Kiambishi kimoja kimewaambia dini yake yote.

Halafu maneno ya mapenzi yenyewe. Tumezoea moyo. Lakini Waswahili walimwita mpenzi nyonga mkalia ini. Mapenzi yalikuwa na viungo vingi kabla moyo haujatawala. Bwana wenu ana viungo gani? Pweza ana mioyo mitatu, miwili ya kusukuma damu kwenye matamvua na mmoja wa mwili mzima, na huo wa mwili husimama anapoogelea. Mpeni bwana wenu mwili wa namna hiyo. Aje mbio majini kumwokoa binti, afike hoi, aseme: "Moyo wangu ulisimama nilipokuwa ninakuja kwako." Kwa kijana wa Mwanga ni maneno ya kadi ya harusi. Kwa huyu ni taarifa ya daktari. Binti anacheka, akidhani ni mashairi, kisha anaweka kiganja kifuani pake.

Na kuoa. Kwetu mwanamme anaoa, mwanamke anaolewa. Shangazi atauliza, kwa sababu shangazi lazima awepo: "Hapa nani anaoa?" Kama kwa watu wa bwana anayeokota makombe ni mwanamke, je? Kama wako jinsia tatu? Kiswahili hakina taabu na "yeye", kinameza jinsia zote, lakini kuoa na kuolewa kitawabana. Msiruke kikao hicho. Washenga wa mtu asiye na ukoo ni akina nani? Mahari inahesabiwa kwa nini? Sura nzima ya kuchekesha imelala hapo, na ndani ya kicheko mnaweza kuuliza maswali ambayo wazazi wetu hawakutaka tuulize.

Nitasema jambo moja zito. Riwaya nyingi za namna hii zinaanza kwa binti kutekwa. Anaamka yuko chomboni, nyota dirishani. Sikatazi. Lakini aliyemteka asiwe ndiye mpenzi, na mlango wa kurudi ufunguliwe kabla neno "nakupenda" halijatamkwa. Boti iwepo, na petroli iwepo. Binti asiye na njia ya kurudi nyumbani hajachagua, amezoea tu, na msomaji mwanamke anajua tofauti hiyo kuliko unavyoijua wewe mwandishi.

Na huku kwetu tuna desturi yetu: mwari anaulizwa, ananyamaza, wazee wanasema kunyamaza ni ridhaa. Kati ya watu waliolelewa pamoja, wanaojuana nyuso, pengine ukimya ulikuwa na maana moja. Kati ya viumbe wawili wasiojuana nyuso, ukimya ni nini? Hebu wazeni kiumbe ambaye kwao kunyamaza ni tusi la mwisho, ni kumwambia mtu amekufa. Anamuuliza binti. Binti, kwa malezi yake mema ya Ujiji, anainamisha kichwa, ananyamaza. Bwana anaondoka kimya, amevunjika. Binti anasubiri posa siku tatu, nne, saba. Mbalamwezi inakuja, boti za dagaa zinapumzika, yeye bado anasubiri. Ni mtu mzuri na mtu mzuri, na karibu wapoteane kwa adabu. Mkiandika hivyo, ile "ndiyo" ya mwisho, iliyotamkwa kwa sauti na mdomo uliofunguka, itakuwa tukio kubwa kuliko busu lolote. Na "hapana" nayo itamkwe angalau mara moja kabla yake, na bwana aielewe na kuitii. Pasipo "hapana" moja iliyotiiwa, "ndiyo" haina uzito.

Watoto je? Kila mara swali hili linaulizwa. Wasomaji wanapenda kufunga kitabu kwa mtoto. Lakini tuseme kweli: sokwe wa Gombe wako jirani yetu hapo kaskazini, tunafanana nao vinasaba kwa takribani asilimia 98, na hatuzai nao. Kiumbe wa nyota nyingine, ambaye pengine hana hata vinasaba, mtoto atatokea wapi? Mkisema ni miujiza, mmerudi kupaka rangi. Mkia umekwenda wapi?

Rudini ziwani. Kwenye mawe ya ufukweni, pale wimbi linapopiga, yupo samaki mdogo aitwaye Eretmodus. Mayai hutunzwa kinywani. Mama huyabeba kwanza, siku kadhaa, kisha humkabidhi baba, kinywa kwa kinywa, na baba humalizia zamu. Wakati wote huo anayebeba hali kama kawaida. Sasa mpeni bwana wenu desturi hiyo. Amebaki mjane, ana watoto wake kinywani, na wiki mbili hawezi kufungua mdomo. Wiki mbili hizohizo ndizo binti anazoulizwa na ukoo kama huyo bwana ana nia au anamchezea. Bwana anazo nia zote na hawezi kusema hata moja. Kwa sehemu tano mpeni aseme bila mdomo: mikono, mawe aliyoyapanga mlangoni, namna anavyokaa karibu na jiko bila kula. Na siku zamu inapokwisha, neno la kwanza asimwambie binti. Awaambie watoto jina la binti. Mtoto wa kulea ni mtoto. Nani hapa hakulelewa na mama mdogo au shangazi?

Ya mwisho ni ya kazi, nitayapitia haraka kwa sababu chakula kinanukia. Wengi wenu mnauza kwa WhatsApp, sehemu kwa sehemu. Sehemu ya maneno 1,200 inasomeka kituoni kabla daladala haijajaa. Sehemu 36 ni kama maneno 43,000, riwaya kamili. Msielezee mwili wote wa bwana sehemu ya kwanza. Kiungo kimoja kwa sehemu, na kiungo kionekane kikifanya kazi: sikio linaposikia, mkono unapobeba. Kuweni na daftari la mwili wake, ukurasa mmoja: urefu, joto analovumilia, anakula nini, anaona rangi zipi, analalaje. Kila mnapoandika tukio, lifungueni. Sehemu ya 28 ndipo waandishi huchoka na mkia hupotea. Na tukio la chumbani lisiwe somo la baiolojia. Viungo vyote vya kigeni msomaji awe ameshavizoea kwa kazi za mchana, kwa kusuka wavu na kubeba ndoo, ili usiku visihitaji maelezo.

Basi, karatasi ziko mezani, kalamu ziko kwenye kopo. Kabla ya chakula kila mtu aandike maneno 300. Mwalo wa Kibirizi, alfajiri, boti zinarudi na karabai zimezimwa. Mwanamke anapima dagaa. Kitu kinatoka majini. Anzeni kwa li-, na msifike a- leo. Dada wa kitenge cha njano, naona mkono, uliza.